Namna nilibadilisha uchawi kuwa nguvu za akili mu mchezo wetu

Siye tunacheza D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa meza wa kusimulia hadithi na kutupa dadu) hapa Lubumbashi, kwangu Kamalondo, jumamosi nyuma ya repetisyo, juu bachezaji bawili banaimba mu korali. Bale balinambia wazi: kusema "namuroga huyu" mbele ya bandugu hapana, hata ikiwa mchezo, juu hapa kwetu bulozi si kintu ya kuchezea, kuna batoto banafukuzwa nyumbani juu ya kushitakiwa bulozi. Niliona bako na haki. Na mchezo nilikuwa naupenda sana, njo nikaamua dunia yetu haitakuwa na muchawi hata mumoja, itakuwa na bachimbaji ba shaba benye akili zao zilifunguka juu ya kukaa miaka na malakiti, ile jiwe ya rangi ya majani yenye shaba, chini ya udongo.

Sikuanza mikono mitupu. D&D iko na nguvu za akili tangu 1976, na kanuni za msingi zilitolewa bure mu 2023 chini ya Creative Commons, ruhusa yenye inaachia kila muntu azitumie, hata za Kifaransa ziko, nilizishusha ku simu. Lakini bei za nguvu nilitoa mu toleo la zamani, 3.5, juu inashikika mu kichwa: nguvu ya nivo ya 1 inakula pointi 1, ya 2 inakula 3, ya 3 inakula 5, unazidisha nivo kwa mbili unatoa moja, mpaka 17 kwa nivo ya 9.

Sasa fungua kaye tupige hesabu pamoja. Muchawi wa nivo ya 5 iko na nafasi 4 (ni mara za kutupa kwa siku) za uchawi wa nivo ya kwanza, 3 za pili, 2 za tatu. Geuza ku pointi: 4, na 9, na 10, inafika 23. Ni sawa, ila zamani alikuwa anatupa mpira wa moto, uchawi wa nivo ya tatu, mara mbili tu kisha anapumzika, sasa na pointi 23 anatupa mine, na kila mumoja ni dadu 8 za pande sita, vita inaisha bengine habajashika dadu. Njo niliweka sheria yangu: nguvu ile ile ukiirudilia mu vita ile ile, bei inapanda pointi 2. Ya kwanza 5, ya pili 7, ya tatu 9, jumla 21, ya ine huwezi tena. Ilifanya bachezaji baanze kutafuta nguvu ndogondogo zenye hapo mbele hakuna muntu alikuwa anaziangalia.

Pale penye nilikaa sana ni maneno na mikono. Mu D&D uchawi mingi unaomba useme, upige ishara, ushike kintu fulani, na ile inalinda mchezo: mufunge muchawi kinywa na mikono, amekwisha. Muntu wa akili unamufunga na kamba yote ya soko na bado anasukuma taa ya mulinzi ianguke, mulinzi hata hajui nani alifanya. Ukitoa tu maneno bila kuweka kingine, unamupa huyo mchezaji kila kintu bure! Toleo la 3.5 linaweka alama, sauti ama harufu ama mwangaza, na kuificha unatupa dadu ya pande ishirini ufikishe 15 kujumlisha nivo ya ile nguvu. Miye nikaacha kila mchezaji achague yake. Mumoja damu inatoka mu pua, mwingine malakiti yake inapata moto mu mufuko inaangaza rangi ya majani kupita nguo. Na kufuli mupya nikaweka ku usingizi: usipomulalisha siku mbili, pointi hazirudi.

Kuyapanga mengine ilikuwa mbio. Kusoma mawazo na kushawishi ni telepatia, kusukuma na kuchoma ni telekinesia, kuhama hapa mpaka pale kunabaki vile kulikuwa. Viini macho vinakaa mu kichwa cha mwenye kuona, kwa hiyo kamera ya mugodi haione kintu.

Kuponya njo napenda kushinda yote. Kuna nguvu ya zamani yenye mponyaji anachukua kidonda cha mwenzake ku mwili wake mwenyewe, na nilifuta maponyo yote nikabakisha ile. Wiki moja galeri, njia ya chini ya mugodi, ilianguka mu hadithi, mama mwenye kuimba soprano mu korali akachukua kidonda cha mwenzake cha pointi 14 za uhai wakati yeye alibakisha 16, akaandika 2 ku karatasi, meza yote ikanyamaza, kisha bakaanza kubishana nani atamubeba mpaka inje.

Kufufua sikuibadilisha, niliitoa. Mhusika akikufa tunazika mu hadithi, na mchezaji anachukua karatasi mupya jumamosi inayofuata.