Tetemeko la Bukoba na sala ya bibi

Jumamosi ya Septemba 10, 2016 nilikuwa kwa bibi yangu Hamugembe, Bukoba. Kawaida yake akishakula mchana anajilaza kidogo, ila siku hiyo chakula kilichelewa, saa tisa na nusu inakaribia na bado yuko kibanjani anakata majani ya kufunikia ndizi. Mimi niko uani naosha sufuria. Nikasikia mngurumo kama lori la mzigo linapita chini ya ardhi, halafu ardhi yenyewe ikaanza kutikisika, kuku wanaruka, bati zinalia, nikakimbilia kwa bibi nikamkumbatia tukaanguka wote kwenye migomba.

Vumbi lilipotulia tukaona ukuta wa chumba chake umelala juu ya kitanda. Tofali za kuchoma, zote. Pale anapolala kila siku.

Nikaanza kulia nasema asante Mungu, asante Mungu, yani nilikuwa natetemeka mwili mzima. Bibi naye akapiga ishara ya msalaba akanyamaza. Jioni habari zikaanza kuja, kumbe mtaa wa pili kuna msiba wa mtoto aliyefukiwa na kifusi, baadae tukasikia lilikuwa la ukubwa wa 5.9 na vifo vilivyotangazwa vikafika 17. Watu wakawa wanakuja kumpa pole bibi wanamwambia Mungu anakupenda sana mama, kakuficha kibanjani. Bibi akamjibu mmoja wao kwa upole kabisa, akianza na neno letu la heshima la Kihaya, "Waitu, na yule mtoto aliyefukiwa Mungu hakumpenda?" Hakuna aliyesema kitu.

Usiku tulilala nje maana mitetemo midogo ilikuwa inarudi na hakuna aliyethubutu kuingia ndani. Baridi, turubai moja watu wengi, watoto wanashtuka kila mara. Bibi akasalisha rozari, na ndio nikamsikia anavyoshukuru: anashukuru kwa vijana waliochimbua vifusi kwa mikono, kwa jirani aliyeleta blanketi, kwa maji. Hakushukuru hata mara moja kwamba sisi tumepona wengine wamekufa. Kwa kweli sala ile ilinigusa kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia, imani yangu mimi ilianzia pale chini ya migomba.

Jumatatu ikawa Idi. Jirani yetu Muislamu nyumba yake nayo ilikuwa imepasuka na jiko limeanguka lote, nikajua mwaka huu hakuna sikukuu, lakini mchana wanae wakaja na sinia la pilau na nyama, wakasema baba kasema bibi ale kwanza. Bibi akapiga magoti akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kihaya, kasinge waitu, kasinge. Tukala wote, Wakristo na Waislamu, hapohapo kwenye turubai, na kabla hajagusa chake akajaza sahani moja akanituma niipeleke kule kwenye msiba.