Jinsi nilivyomaliza vurugu ya mipira ya maji na nyaya kwenye Hiace yetu ya safari

Sisi tunaishi Tanga mjini, Chumbageni, na tuna Hiace ya zamani ambayo siti za nyuma tulizitoa zote, fundi akatutengenezea kitanda cha mbao na chini yake pakabaki uwazi wa kuweka vitu. Likizo za watoto zikifika tunaondoka nayo, mara Pangani, mara tunavuka mto kwenda Ushongo, mara tunapanda Lushoto kula baridi. Tunalala humohumo kwenye gari. Tukifika mahali tunaongea na mwenye eneo, tunavuta mpira kutoka kwenye koki yake na ekstensheni kutoka kwenye soketi yake, tunamlipa chake basi. Safari zenyewe ni raha sana, ila kilichokuwa kinanitesa miaka yote ni hiyo mipira na nyaya.

Nieleze usiku mmoja tu mtaelewa. Tumefika Ushongo saa mbili usiku, mvua za vuli zinapiga, watoto wamesinzia, mama watoto kanishikia tochi na mimi nimepiga magoti navuta vitu chini ya kitanda. Kinachokuja ni bonge moja. Mpira wa maji wa mita 30 umejisokota na ekstensheni mbili na waya wa taa na kamba ya kuanikia nguo, vyote nilivisukumia kwenye salfeti moja kwa sababu siku ya kuondoka tulikuwa na haraka. Ukivuta huku kunakaza kule. Na ule mpira ulikuwa bado una maji ndani, nilipounyanyua yakashuka yote yakamwagikia kichwa cha ekstensheni, pale penye matundu. Mama watoto akasema, "Baba watoto, huo waya leo usiuchomeke," na alikuwa sahihi kabisa. Tukalala bila feni, joto la pwani mnalijua wenyewe, mtoto mdogo akalia mpaka saa nane. Niliumia sana usiku ule kwa sababu nilijua kosa ni langu, halikuwa la gari wala la mvua.

Asubuhi nikalitandaza lile bonge mchangani nalifungua taratibu, akapita mzee mmoja mvuvi anatoka kuangalia ngalawa yake, akasimama. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa chini akashika ncha ya pili bila hata kuulizwa. Tulipomaliza kufungua nikaanza kuzungusha waya kama nilivyozoea tangu utotoni, kiganja na kiwiko, kiganja na kiwiko, haraka haraka. Akanishika mkono. "Hiyo huikunji mwanangu, waisokota. Kesho utakaa hapahapa waifungua tena."

Na hapo ndo nilipojifunza kitu ambacho kimebadilisha kila kitu. Ukizungusha waya kwenye kiwiko kila mzunguko unaongeza msokoto mmoja ndani ya waya, ukipiga mizunguko 20 una misokoto 20 imefichwa humo, siku ya kuufungua yote inatoka kwa mpigo ndo unaona waya unajipinda pinda kama nyoka. Na ukirudia miaka miwili mitatu nyuzi za shaba ndani zinachoka, zinaanza kukatika moja moja. Yeye alinionyesha hivi: duara la kwanza unalikunja kawaida, la pili unageuza kiganja ili waya uingie kwa chini, la tatu kawaida, la nne kwa chini, yaani moja linaweka msokoto linalofuata linautoa. Ukimaliza unashika ncha unatupa, waya wote unanyooka chini bila fundo hata moja. Cha kuangalia ni ncha tu, isije ikapita katikati ya maduara, ikipita ukivuta unapata mafundo mfululizo mpaka mwisho. Mikono yangu ilichukua kama wiki kuzoea, nilikuwa nafanya mazoezi sebuleni na waya wa pasi, watoto wakaniiga na sasa mkubwa wangu ana miaka 11 anakunja vizuri kuliko mimi.

Kama waya ni mnene sana au mpira umekakamaa na mkono hauwezi kugeuza, mzee alinionyesha njia ya pili, unaulaza chini kwa umbo la namba nane. Upande mmoja wa nane unapinda kulia, mwingine kushoto, kwa hiyo inatoka sawa. Wavuvi ndo wanavyolaza kamba ya nanga ndani ya chombo, kwa sababu nanga ikirushwa kamba haina muda wa kufunguliwa fundo.

Kabla hatujaagana akanipa kipande cha wavu chakavu, akaniambia mpira wa maji utie humu ukauke, usiufungie kwenye salfeti. Kile kipande cha wavu ndo kilichonipa wazo zima. Nikagundua mpira na waya ni vitu viwili ambavyo havitaki mahali pamoja. Mpira unataka upepo, ubaki unadondosha matone yake yaishe. Waya unataka ukavu na kifuniko. Mimi nilikuwa nawaweka pamoja kwa sababu vyote ni virefu vya kuzungusha, sasa urefu kitu gani.

Kwa hiyo tuliporudi Tanga wavu nikaushona kuwa mfuko (ukikosa wavu wa kuvulia, ule mfuko wa wavu wa vitunguu unafaa, ila ukitumia ule weka miwili pamoja maana unachanika). Nyaya nikazinunulia ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko, nikaiosha mpaka harufu ikaisha. Ubavuni karibu na kitako nikatoboa tundu linalopitisha plagi, nikalisugua kingo kwa msasa lisikate ganda la waya. Plagi inabaki imetokeza nje kwenye tundu, waya wote unajilaza ndani kwa mizunguko, kichwa cha soketi kinakaa juu kabisa. Tukifika mahali natoa ndoo naiweka kando ya gari, nashika plagi naenda nayo mpaka kwenye soketi ya mwenyeji, waya unatoka wenyewe nyuma yangu. Hapo mwanzo nilikuwa naacha uliobaki ndani ya ndoo naendelea na shughuli. Sasa hiyo msifanye, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu ilibaki kidogo tuungue.

Mbali na ndoo nilikuwa bado na ile ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu la plastiki. Nilikuwa naipenda kwa sababu inaonekana nadhifu, unatoa mita tano unazohitaji, nyingine 20 zinabaki zimezungushwa. Siku moja tukiwa Pangani nimechomeka jagi la umeme la kuchemshia maji ya watoto kuoga, majagi kama matatu mfululizo, nikasikia harufu ya plastiki. Nikagusa lile gurudumu, la moto, huwezi kuweka kiganja. Nilipolipeleka kwa fundi umeme kule Ngamiani akalifungua tukakuta tabaka za ndani zimeyeyuka na kushikana. Akanionyesha kibandiko ubavuni ambacho sikuwahi kukisoma, kimeandikwa ikiwa imezungushwa mwisho amp 5, ikifunguliwa yote amp 13. Jagi letu ni watt 2200, gawa kwa volt 230 unapata amp 9 na nusu hivi. Yaani nilikuwa napitisha karibu mara mbili ya uwezo wake, na fyuzi ya plagi haikukata kwa sababu yenyewe ni ya 13, kwake amp 9 ni kitu cha kawaida. Waya wowote unapopitisha umeme unapata joto kidogo, ukiwa umenyooshwa joto linakwenda na hewa, ukiwa umerundikwa kila mzunguko unaupasha mwenzake na joto halina pa kutokea. Hiki ndo kitu ninachomwambia kila mtu mwenye ekstensheni nyumbani, siyo kwenye safari tu.

Wazungu wanaopita huku na magari yao ya kulala waya wao unakuwa mnene, kule Uingereza waya wa kawaida wa karavani ni mita 25 wenye milimita za mraba 2.5 na plagi ya bluu ya amp 16, na hata wao wanaambiwa wautoe wote kabla ya kuwasha. Sasa sisi wenye waya wa 1.5 tutajiachaje. Kwa hiyo siku hizi nautoa wote kwenye ndoo, unaozidi naulaza chini ya gari kwa namba nane pana, kivulini, hakuna kurundika. Na pale waya unapoingia mlangoni nauacha ulegee uteremke chini kidogo ndo upande kuingia ndani, mvua ikinyesha maji yanafuata waya yanadondokea pale chini badala ya kuingia kwenye soketi.

Kuhusu mipira nina mambo machache. Ule wa mita 30 niliukata, nikapata wa 10 na wa 20 na kiunganishi, kwa sababu mara nyingi koki iko karibu na ule wa 10 unatosha kabisa, kwa nini nihangaike na mrefu. Hiyo ni ya maji safi tu, rangi ya bluu. Wa maji machafu ya sinki ni mwingine, wa kijani, na haulali karibu na wa bluu kamwe, hapo mama watoto ndo msimamizi na hana mzaha. Zamani tulikuwa na mpira wa kuangaza, ule unaoona maji ndani, tukautupa kwa sababu mwanga unaingia ndani unaota ukijani.

Kuumwaga maji ni rahisi ila watu wanaruka. Unafungua ncha zote mbili, unaweka ncha moja begani unatembea huku unaupitisha mpira begani mkono kwa mkono mpaka mwisho, maji yote yanatangulia mbele yako yanamwagika. Halafu unakunja, unaunganisha ncha mbili pamoja kwa kile kiunganishi. Hapo hakuna mchanga unaoingia, hakuna mdudu. Niliwahi kuacha ncha wazi miezi miwili nikakuta nyigu amejenga udongo ndani, nilichokonoa na waya wa chuma nusu siku. Na tukifika mahali naacha maji yapite kwanza mpaka yapoe, maana yaliyolala kwenye mpira juani yanakuwa ya moto na yana ladha ya plastiki.

Lushoto kuna shida yake. Mwezi wa saba asubuhi baridi ile mpira unakuwa mgumu kama fimbo, ukiulazimisha unavunjika mkunjo na ule mkunjo haupotei tena. Kule nasubiri jua litoke vizuri, nautandaza hata nusu saa ndo nakunja. Kama tunaondoka alfajiri basi naukunja jioni ya kabla.

Vya kufungia nilijaribu vingi. Mtu wa Tanga lazima aanze na katani, na sisi tukienda Ushongo tunapita upande wa Kikogwe ambako Mjerumani Richard Hindorf alipanda miche ya kwanza mwaka 1893, miche 62 tu ndo iliyofika hai. Kamba ya katani ni imara na inashika fundo vizuri, nafungia nyaya mpaka leo. Ila kwenye mpira wa maji haifai, ikilowa inakaa na unyevu, baada ya muda inaoza. Kwenye mpira natumia tyubu ya baiskeli iliyokufa, unaikata vipande vya upana wa vidole viwili, unapata pete za kuvuta, fundi baiskeli anakupa bure. Juani zinapasuka baada ya muda, unakata nyingine. Cha muhimu kila kamba iwe imefungwa moja kwa moja kwenye waya wake karibu na plagi, isitoke kabisa, la sivyo siku ya kufunga unatafuta kamba mchangani.

Meno ya plagi nayafuta na kitambaa kikavu kabla hayajaingia kwenye ndoo, hewa ya chumvi huku kwetu inayatia ukijani na yakitiwa ukijani yanapata moto kwenye soketi.

Mpangilio chini ya kitanda sasa: mlangoni kabisa mfuko wa wavu wenye mpira wa bluu, chini yake trei la matone, pembeni yake ndoo ya nyaya kifuniko juu, na nyuma vyungu na mengineyo. Mara ya mwisho tulipofika Ushongo, usiku tena, umeme na maji vilikuwa tayari kabla chai haijachemka kwenye jiko la mkaa.

Uliobaki kunisumbua ni ule wa kijani wa maji machafu. Kwa sasa unasafiri kwenye ndoo yake nyuma kabisa na harufu bado inatoka siku za joto. Nimeshanunua bomba la plastiki la inchi 4 na vifuniko vyake viwili, nataka kulifunga juu kwenye keria nilitoboe matundu chini lipitishe hewa, mpira uwe unateleza humo umenyooka. Nasubiri shemeji arudi na drili yangu.