Kuwawahi kabla hawajatuwahi?

Jana nimebishana na shemeji yangu mpaka usiku wa manane. Yeye anaamini dawa ya magaidi ni kuwawahi, uwapige kabla hawajakupiga. Sikatai moja kwa moja. Ukijua kwa hakika kwamba watu wana mabomu na wako njiani, utasubiri nini?

Ila hiyo hakika ndiyo shida. Agosti 1998, baada ya balozi zake kulipuliwa Nairobi na Dar es Salaam, Marekani ilirusha makombora kwenye kiwanda cha Al-Shifa, Khartoum, ikidai kinahusika na silaha za kemikali. Kilikuwa kiwanda cha dawa, na dai lile halijathibitishwa mpaka leo. Halafu Iraki, 2003: Marekani iliivamia ikidai rais wake, Saddam Hussein, ana silaha za maangamizi. Silaha hizo hazikupatikana, jeshi la Saddam likavunjwa, na wanajeshi wakabaki bila kazi wala mshahara (bunduki wanazo!). Baadhi ya maofisa wale baadaye walikuwa makamanda wa ISIS, kundi la kigaidi lililouteka mji wa Mosul, hukohuko Iraki, 2014.

"Kwa hiyo tukae tu?" shemeji akaniuliza. Hapana. Upelelezi, kufuatilia fedha zao, kuwakamata. Jeshi libaki kwa hatari iliyo mlangoni kweli. Hajakubali, na kesho anakuja tena.