ALT imeshuka, ngojeni kwanza kushangilia

Mwaka juzi binamu yangu alilazwa ICU huku Uingereza, hospitali siitaji, na mimi kwa vile ni nesi nikageuzwa msemaji wa familia bila kuombwa. Jino lilikuwa linamuuma, dentisti hana nafasi mpaka wiki mbili, basi akawa anakula panadol tu, juu yake anakunywa na ile dawa ya mafua ya kukoroga kwenye maji ya moto ambayo nayo ndani ina paracetamol, siku nne mfululizo na chakula hakipiti. Mwisho kwa mtu mzima ni vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, yeye alishapita hapo zamani, na paracetamol ikizidi inaua ini. Watu wanadhani mpaka umeze kopo zima kwa mpigo, wapi!

ALT, kipimo cha damu cha kuangalia ini, ya kwanza ilikuwa elfu tisa na ushee, na ya mtu mzima wa afya haifiki hata mia. Nikaituma kwenye grupu la familia, kosa langu hilo, manake toka hapo wakawa wanaisubiri kila asubuhi kama matokeo ya mechi. Siku ya tatu ikashuka mpaka 3,000, mama mdogo akatuma voisi analia kwa furaha, Alhamdulillah ini linapona. Mimi naangalia INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, ikipanda ni mbaya, imetoka 3.1 imeenda 4.9, natamani kuzima simu.

Sasa ALT ni kitu kinachovuja seli za ini zikipasuka. Ikishuka, labda zimeacha kupasuka, au labda hazijabaki za kupasuka, na namba yenyewe haikwambii ni lipi. INR ndo inakwambia ini linafanya kazi au halifanyi, kwa sababu protini za kugandisha damu zinatengenezwa na ini na mojawapo, faktari ya 7, nusu yake inaisha ndani ya saa chache, kwa hiyo ini likigoma asubuhi, jioni damu ishasema. Albumini, protini nyingine ya ini, yenyewe inakaa wiki kadhaa, unaweza kuiona safi kabisa na mtu anaenda.

Kaka yake akauliza mbona hawamwekei plazma, yale maji ya damu ya mchangiaji yenye protini za kugandisha, damu igande. Swali zuri kwa kweli. Lakini kama hatoki damu, ukimwekea plazma INR inapendeza kwa kazi ya ini la aliyechangia, si lake, na madaktari wa kupandikiza ini wanabaki gizani.

Na hao walikuwa wanapiga simu asubuhi na jioni. Vigezo wanavyotumia kuamua nani wa kupandikizwa ini kwa ajili ya paracetamol vilitoka King's College Hospital, London, mwaka 1989: ama pH ya damu ya ateri (ikishuka, damu imekuwa na asidi) iko chini ya 7.3 baada ya kuongezewa maji, ama vitatu vije pamoja, INR zaidi ya 6.5, kreatinini, kipimo cha figo, zaidi ya 300 (mikromoli kwa lita), na akili imevurugika daraja la 3 au la 4, yaani mtu amelala hata ukimwamsha haeleweki. Mtu akivifikia hali ni mbaya kweli, ila wapo wanaokufa bila kuvifikia, ndo maana laktati, asidi inayojaa kwenye damu ini likishindwa, nayo inafuatwa. Ukiwahi kupandikiza unamtoa mtu ini ambalo lingejiotea lenyewe na unampa dawa za maisha, ukichelewa ubongo unavimba na hata ini likipatikana halimsaidii tena.

Usiku wa siku ya nne ndo ulikuwa mrefu, INR 5.8, anaulizwa mwezi gani anajibu Ramadhani na ilikuwa Novemba. Dripu ya asetilisisteini, dawa ya kuzuia sumu ya paracetamol, inaendelea, sukari inapimwa kila saa. Asubuhi laktati 1.9. Jioni INR 5.1, kesho yake 3.4. Ile simu ya wapandikizaji haikuja tena.

Kituko ni kwamba hapo ndo bilirubini, rangi ya njano ya damu ambayo huchelewa nyuma ya INR, ikawa inapanda, macho njano kama manjano, na mama mdogo alipomwona kwenye video akaanza kulia upya, mwanangu anaondoka. Nikamwambia mama mdogo, acha macho, msikilize anavyogombana na nesi kuhusu uji.