Siku moja maishani mwangu: kuchagua divai nyekundu za Desemba mjini Lubumbashi

Saa 12 asubuhi. Siku ya kuonja huwa nakunywa maji matupu, sijipaki manukato, na naoga kwa sabuni isiyo na harufu, kwa sababu pua ndiyo chombo changu cha kazi na chochote kitakachoishughulisha alfajiri kitanisumbua hadi usiku. Mimi ni mnunuzi wa divai katika depo moja ya vinywaji hapa Lubumbashi, na mwezi huu wa Oktoba ndio ninaopaswa kuamua ni divai gani nyekundu tutaagiza kwa wingi kwa ajili ya harusi na sikukuu za mwisho wa mwaka. Agizo likichelewa, mzigo hautafika kwa wakati: unatoka Afrika Kusini kwa lori, unapita Zimbabwe au Botswana, halafu Zambia, kisha unasubiri kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, kabla ya kumaliza kilomita 90 hivi za mwisho.

Saa 2 asubuhi. Nikifika depo, kwanza nasoma kipimajoto cha ghala. Divai hutunzika vizuri ikiwa kati ya nyuzi 12 na 15, na Oktoba ndio mwezi ambao joto letu hupanda zaidi, mvua ikiwa bado haijatulia. Mzigo ulioshinda juani hujitambulisha wenyewe ukiujua. Napitisha kidole gumba juu ya mdomo wa kila chupa niliyoichagua kwenye katoni: kizibo kikiwa kimejisukuma nje hata kidogo, au pembeni yake pakiwa na unato mkavu, najua kwamba divai ilipata joto, ikavimba na kutafuta njia ya kutokea. Chupa ya namna hiyo siiuzi. Nyingine tunazilaza ubavuni, ili kizibo kiendelee kulowa na kisisinyae.

Saa 5. Wateja ni wengi na mazungumzo ni mafupi, isipokuwa moja. Mama mmoja anayeandaa harusi ya binti yake ameniomba divai nyekundu “yenye nguvu”, ya bei ya juu, ili wakwe waone wameheshimiwa.

“Mama, chakula kitakuwa nini?”

“Bukari, sombe, mbuzi wa kuchoma. Na kapenta, mwanangu. Wakwe wanatoka Pweto, kapenta haiwezi kukosekana.”

Bukari ni ugali, sombe ni kisamvu, na kapenta ni dagaa wa ziwani; Pweto iko kando ya Ziwa Mweru. Nimemwomba arudi kesho. Swali lake ndilo hasa ninalotaka lijibiwe usiku huu, maana katika mji wetu divai nyekundu huchaguliwa kwa bei na kwa uzito wa chupa, ilhali mezani inakutana na samaki, pilipili na majani ya muhogo.

Saa 8 mchana. Naandaa meza. Divai ni tano, nazitaja kwa aina ya zabibu na mahali zilikotoka: Gamay ya Beaujolais, Ufaransa; Cinsaut ya Swartland, na Pinotage na Cabernet Sauvignon za Stellenbosch, zote tatu za Afrika Kusini; na moja ya Bordeaux, Ufaransa, ambayo sehemu yake kubwa ni Merlot. Kijana wa ghala anazifunika kwa karatasi za kaki na kuzipa namba mimi nikiwa nje, na nimemwagiza amimine glasi sita badala ya tano, yaani divai mojawapo itokee mara mbili bila mtu yeyote kuambiwa ni ipi. Sifanyi hivyo kwa kutowaamini rafiki zangu. Mwaka 2008 Robert Hodgson, mtengenezaji wa divai wa California, alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya katika mashindano ya divai ya jimbo hilo: waamuzi walipewa divai ileile mara tatu, kutoka chupa moja, bila kujua, na takriban mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyeipa alama zilizokaribiana kila mara. Ikiwa waamuzi wa mashindano wanayumba kiasi hicho, sisi tunaoagiza kwa fedha za depo tunahitaji kujua tunayumba kiasi gani.

Glasi zote ni za umbo moja, zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, zimeoshwa kwa maji ya moto na kuachwa zikauke zenyewe, kwa sababu kitambaa huacha harufu yake. Chupa zimewekwa kwenye ndoo ya barafu kwa muda mfupi. Ule usemi kwamba divai nyekundu inywewe kwa joto la chumba ulitokana na vyumba vya Ulaya ya zamani, ambavyo vilikuwa na baridi. Divai hizi hupendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18, na zile nyepesi kwenye 13 au 14. Chumba cha Lubumbashi mwezi huu hupita 30, na divai ya joto hilo hunuka pombe tupu.

Saa 11 jioni. Wamefika: mwalimu wa kemia, mfamasia, mpishi wa hoteli, na dada mmoja mkubwa tunayemwita Yaya, anayeuza samaki wakavu katika soko la Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi, ambaye sijaona mwenye pua kali kuliko yake. Kila mmoja anamiminiwa mililita 50 kwa glasi. Kwa glasi sita hiyo ni mililita 300, yaani sehemu mbili kati ya tano za chupa ya kawaida, kwa hiyo anayetaka kichwa chake kibaki na akili hadi glasi ya mwisho hana budi kutema. Kwetu kutema mbele ya watu ni jambo zito, ndiyo maana kila mtu ana kikombe chake cheusi chenye mfuniko. Tangu tuanze kuvitumia, hata wazee wakiwapo hakuna anayeona haya.

Mwanzoni hatuzungumzi kabisa. Neno moja la mtu anayeheshimiwa likitangulia, wengine watanusa kile alichokitaja. Tunainamisha glasi juu ya karatasi nyeupe na kutazama ukingo: ya kwanza ni nyekundu angavu, kidole kinaonekana upande wa pili, ya sita ni nyeusi yenye zambarau hadi ukingoni. Tunanusa glasi ikiwa imetulia, tunaizungusha, tunanusa tena. Kisha tunaonja, tukiipitisha divai kwenye fizi na chini ya ulimi.

Yaya ndiye aliyevunja ukimya, akiisukuma mbele glasi ya nne. “Hii ina kadibodi iliyolowa. Sanduku la samaki lililonyeshewa mvua.” Mfamasia alikuwa ameandika jambo hilohilo. Ni ugonjwa wa kizibo: kuvu wa kwenye gome la mti linalotengenezewa kizibo hukutana na viambato vya klorini na kuzalisha trikloroanisoli, ambayo pua huitambua hata ikiwa ni nanogramu chache tu katika lita moja. Haimdhuru mnywaji, lakini inazima harufu yote ya zabibu. Tumefungua chupa ya akiba, na nayo ilikuwa safi.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya ukakasi. Mpishi aliiona glasi ya sita kuwa kali mno. Mwalimu alimsahihisha kwamba ukali ni wa pombe, na alichokisikia yeye ni tanini, ambazo hutoka kwenye ganda na mbegu za zabibu na kwenye pipa la mwaloni, hushikana na protini za mate, na mate yakipoteza utelezi mdomo unakaza kama wa mtu aliyeuma ndizi mbichi. Kutofautisha ukakasi, uchachu na ukali wa pombe ndilo jambo la maana kuliko yote kwa anayejifunza kuonja. Harufu za cheri na moshi kila mtu huzitaja kwa namna yake, lakini mambo haya matatu ndiyo yanayoamua divai itaelewana na chakula gani.

Saa 1 usiku. Chakula kimeletwa, na glasi zote zimejazwa upya. Kwa mbuzi wa kuchoma glasi ya sita ilibadilika kabisa: mafuta na protini za nyama zilizikamata tanini, ukakasi ukalainika, tunda likajitokeza. Kwa kapenta divai hiyohiyo ilituachia ladha ya chuma na shombo ambayo haikuwamo ndani ya samaki wala ndani ya glasi. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2009 kwamba madini ya chuma yaliyomo katika divai ndiyo yanayoamsha shombo hilo yakikutana na vyakula vya baharini, na hisia zetu usiku huu, ingawa samaki wetu ni wa ziwani, zilielekea hukohuko. Pilipili nayo ilichochewa na pombe; divai ya asilimia 14.5 iliwaka kooni, ilhali ya 12.5, iliyopoozwa, ilipita na sombe bila ugomvi.

Saa 3 usiku. Tumefunua karatasi. Iliyorudiwa ni Pinotage, glasi ya tatu na ya tano. Yaya na mfamasia walizipa alama sawasawa, sisi wengine hatukuzitambua kuwa ni moja. Ya sita ni Cabernet. Iliyokaa vizuri na kapenta na sombe ni ya pili, Cinsaut, nayo ni ya bei nafuu kuliko zote isipokuwa Gamay. Nimefurahi mno kwa hilo, kwa sababu Cinsaut ni mzazi ambaye mtoto wake amemfunika: mwaka 1925 Abraham Perold, profesa wa Stellenbosch, aliichanganya na Pinot Noir, akapata mbegu nne, na kutoka humo ikazaliwa Pinotage, ambayo leo ndiyo inayotajwa kila Afrika Kusini inapotajwa.

Kabla ya kuzima taa nimeandika agizo. Cinsaut ndiyo itakayochukua sehemu kubwa ya lori. Cabernet zitakuja katoni chache, kwa wanaochoma mbuzi. Pinotage nitaionja tena na kundi jingine, kwa kuwa kura zetu juu yake hazikukaa pamoja. Chupa mbili za Cinsaut nimeziweka kando kwa yule mama, pamoja na kikaratasi cha kumwambia azitie kwenye barafu nusu saa kabla ya wakwe kuketi.