Amina Yetu Ilitangulia

Katika klabu yetu ya Kikristo pale sekondari, Baba Yetu haikuwahi kuisha kwa pamoja.

Kuanza tulianza vizuri. Watu thelathini na kitu, madawati yamesukumwa ukutani, macho yamefumbwa, "Baba yetu uliye mbinguni", sauti moja kabisa. Mistari miwili mbele tumeshasambaratika. Sisi Wakatoliki ufalme wako ufike, wenzetu uje. Sisi utakalo lifanyike, wao mapenzi yako yatimizwe. Sisi mkate, wao riziki. Sisi kishawishi, wao majaribu. Tunajikongoja hivyohivyo mpaka "utuopoe maovuni, Amina", tunafungua macho, kumbe wenzetu bado wako njiani: "Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu..." Hapo ndipo tulipokuwa hatujui tufanye nini na mikono yetu. Wengine walikohoa. Vidato vya kwanza walicheka kila Alhamisi, kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mimi nilikuwa katibu. Ukatibu niliupata kwa mwandiko tu: siku ya uchaguzi mwalimu mlezi aliuliza nani mwandiko wake unasomeka, vidole vikanielekea. Mwenyekiti alichaguliwa kwa kuwa aliweza kuomba dakika ishirini bila kurudia neno, na mweka hazina kwa kuwa alikuwa bahili. Sikumbuki uchaguzi mwingine wowote maishani mwangu uliomweka kila mtu mahali pake namna ile.

Kazi yangu ilikuwa madaftari mawili, la kumbukumbu na la mahudhurio. La kumbukumbu lilinipa raha, maana nililiandika kwa lugha nzito kama la baraza la wazee. "Kikao kilifunguliwa kwa sala saa 9:40 alasiri. Yatokanayo: ngoma ya kwaya bado haijawambwa." Ngoma hiyo ilidumu kwenye yatokanayo muda wote wa uongozi wetu.

Tulikuwa klabu moja ya madhehebu yote, si kwa sababu ya upendo mkuu, ila kwa sababu shule ilitoa chumba kimoja na saa moja na nusu kwa wiki. Humo ndani kulikuwa na Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Wapentekoste, Wasabato, na wawili watatu waliofuata kwaya tu, ambao tuliwavumilia kwa kuwa waliimba vizuri kuliko waliookoka. Mwanzoni mazoezi makubwa ya kwaya yalikuwa Jumamosi mchana. Besi zetu mbili za kutegemewa walikuwa Wasabato, na Sabato inaanza jua likizama Ijumaa mpaka lizame tena Jumamosi, kwa hiyo muhula mzima besi ilibaki kijana mmoja ambaye sauti yake ilikuwa haijaamua kama ni ya mtoto au ya mzee. Tulihangaika kumfundisha weee, mpaka mtu akauliza, kwa nini tusihamie Jumapili jioni? Tukahamia. Ajabu ni kwamba katika muhula mzima hatukuwa tumewauliza wale wawili. Nao hawakusema, walidhani tunajua.

Halafu kuna ile chemsha bongo ya Biblia. Swali la kwanza kabisa, la kupasha misuli: Biblia ina vitabu vingapi? Kundi la kwanza likajibu 66. Kabla sijaandika alama, mtoto wa kidato cha kwanza, Mkatoliki mwenzangu, akapiga kelele kutoka nyuma: "Sabini na tatu!" Chumba kikawaka moto. Mmoja anahesabu, 39 na 27. Mwingine anahesabu, 46 na 27. Mwalimu mlezi akaacha tubishane kwanza (alipenda kutuacha tuchoke), kisha akaeleza kwamba Tobiti, Yudithi, Makabayo mbili, Hekima, Yoshua bin Sira na Baruku wamo katika Biblia ya Wakatoliki, kwamba Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, mwaka 1546 ulithibitisha orodha hiyo, na kwamba Waprotestanti kwa Agano la Kale walishika orodha ya Kiebrania. Kila kundi likapewa alama yake. Tangu siku hiyo tuliuliza maswali yasiyouma: Methusela aliishi miaka 969, Zaburi ya 117 ina mistari miwili. Lile la vitabu halikurudi tena, nami mpaka leo naona tulifanya uoga.

Mwenyekiti wetu aliumwa na jambo jingine, idadi. Siku moja mvua ilinyesha tangu mchana, tukafika watu sita, maji yanapenya chini ya mlango. Mwenyekiti alinuna. Mwalimu mlezi akaburuta kiti, akatusimulia habari za wanafunzi watano wa chuo cha Williams, kule Massachusetts, Marekani, mwaka 1806. Walikuwa wakisali nje, dhoruba ikawakuta, wakajibanza kwenye rundo la nyasi kavu na kuendelea kusali. Mwaka 1810 ikaanzishwa bodi ya kwanza ya Marekani ya kupeleka wamisionari nchi za nje, na watu huirudisha historia yake kwenye lile rundo la nyasi. Nilichosikia mimi ni kwamba watano wanatosha. Alichosikia mwenyekiti ni kwamba waliongezeka.

Basi wiki hiyohiyo akaita kamati, akaja na mambo mawili. La kwanza, Baba Yetu inatuaibisha. Wageni kutoka shule nyingine wakija watasema hawa hata sala moja imewashinda. La pili, tuwafuatilie wanaopotea.

La Baba Yetu tulilijadili mpaka jua likazama. Nilieleza kwamba hata sisi kwenye Misa maneno ya "Kwa kuwa ufalme ni wako" tunayasema, ila baada ya padri kuingiza sala yake katikati. Makamu mwenyekiti, binti wa Kilutheri mwenye kichwa chepesi kwelikweli, akafungua Luka 11 akatuonyesha kwamba pale hayamo kabisa, yako kwenye Mathayo, tena mwalimu alishamwambia kuwa nakala nyingi za kale kabisa za Mathayo hazinayo. Mwenyekiti akatazama saa. Akasema kwa kuwa hatuwezi kukubaliana, tuiache kwa muda, badala yake tufunge kwa sala ya mzunguko: tunasimama duara, kila mmoja anaomba kwa sauti kwa maneno yake, zamu kwa zamu. Hakuna atakayemkanyaga mwenzake. Tukapiga kura. Nami nilinyoosha mkono kukubali. Nasema hili mapema kwa sababu hadithi yenyewe inaanzia hapo.

Sala ya mzunguko ilikuwa sikukuu kwa wenye vipawa. Vijana wa Kipentekoste walipaa. Sisi tuliolelewa na sala zilizoandikwa tulitokwa jasho. Mbinu yangu ilikuwa kumsikiliza aliyenitangulia, nirudie alichosema, kisha niongeze "na zaidi ya hayo, Bwana" na kutaja mitihani. Lakini kusema kweli, klabu ilichangamka. Watu walianza kuombeana kwa majina, mtu akitaja mgonjwa wa kwao, wiki ijayo anaulizwa anaendeleaje. Sitaki kuidharau sala ile, nilijifunza mengi humo.

Kulikuwa na binti wa kidato cha pili aliyependa kukaa dirishani. Alto. Kwenye kwaya ndiye niliyemtegea sikio nikipotea. Nje ya kwaya sikuwahi kumsikia akisema, nami nikachukulia kwamba ni mpole, basi. Baada ya mzunguko kuanza, Alhamisi moja hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu nikampigia mstari kwenye daftari, kwa sababu sheria mpya ilikuwa hivyo: ukikosa mara tatu, jina lako linasomwa mwisho wa kikao chini ya kichwa "Waliopoa", ili uombewe. Kichwa hicho alikibuni mwenyekiti, lakini mwandiko ni wangu, tena nilikipigia mistari miwili kwa rula.

Nikasoma majina manne. La kwake lilikuwa la tatu. Nilipoinua macho nilimwona amesimama mlangoni. Siku hiyo kulikuwa na mazoezi mafupi ya kwaya baada ya kikao, alikuja mapema kidogo, akawa anasubiri tumalize. Begi lake amelikumbatia kifuani. Hakuondoka. Alisimama hivyohivyo mpaka sala ikaisha, na mwenyekiti akamwombea, kwa jina, kwa muda mrefu, kwamba moto wake uwake tena. Kisha akaingia, akaimba alto yake, hakukosea hata noti moja.

Kesho yake asubuhi nikakuta karatasi ndani ya dawati langu, imekunjwa mara nne. Ilikuwa na mistari miwili tu. "Dada Katibu, mimi nina kigugumizi. Baba Yetu naiweza, mkiwa wote. Ya peke yangu siiwezi."

Niliisoma mara nyingi. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba hili ni jambo linalojulikana: wengi wenye kigugumizi, wakiimba au wakisema maneno pamoja na wengine, maneno hutoka bila kukwama. Siku ile sikujua lolote. Nilijua tu kwamba tulikuwa tumeondoa sala moja ambayo mtu huyu aliweza kuitamka mbele za watu, eti kwa sababu haikupendeza masikioni, kisha nikamsoma kwenye orodha kwa kutokuja.

Nilimpelekea mwenyekiti ile karatasi, baada ya kumwomba mwenyewe ruhusa. Kuomba ruhusa peke yake kulinichukua siku mbili za kumzunguka. Alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kuandika. Mwenyekiti akasoma, akasema, "Tumwombee." Nikamwambia sidhani kama ni yeye anayehitaji kuombewa. Maneno yalinitoka makali kuliko nilivyokusudia, nikadhani tutagombana. Hakugombana. Alikaa kwenye ngazi za darasa akaisoma tena, akauliza, "Na Musa je?" Sikumwelewa. Akasema, Musa alimwambia Mungu ulimi wake ni mzito. Mungu hakumjibu kwamba amepoa, alimpa Haruni. Yule kijana alikuwa na makosa yake, na idadi zake, lakini Biblia yake aliisoma.

Kamati ilikaa dakika kumi, kikao kifupi kuliko vyote nilivyoandika. Mzunguko ubaki, lakini anayetaka kupita aguse bega la jirani yake, zamu iendelee, bila maelezo. Orodha isisomwe. Asiyeonekana atembelewe na mtu mmoja anayemfahamu, si ujumbe wa watu watano wenye Biblia, maana hilo nalo tulikuwa tumeanza kulifanya. Na Baba Yetu irudi mwisho wa kikao, kila mtu aiseme alivyofundishwa kwao. Mweka hazina akauliza, na wageni wakija? Makamu akamjibu wageni nao watakuwa na ya kwao.

Alhamisi iliyofuata alikuja, akakaa dirishani. Mzunguko ulipomfikia akagusa bega la jirani, ukapita. Hakuna aliyegeuka. Nadhani mwenyekiti aliwatishia vidato vya kwanza, maana hata kucheka siku hiyo hawakucheka.

Kisha tukaanza. Baba yetu uliye mbinguni. Tukaachana palepale tulipozoea kuachana, ufike, uje, mkate, riziki, kelele ileile ya zamani. Sisi tukafika kwetu kwanza, Amina, nikafungua macho. Sasa, kwa kuwa Wakatoliki tumenyamaza, sauti zilikuwa zimepungua, ukisikiliza unaweza kuzitenganisha. Besi mbili za Wasabato kule nyuma. Mwenyekiti, juu ya wote kama kawaida. Na upande wa dirisha, taratibu, bila kukwama popote, alto: na nguvu, na utukufu, hata milele.

Nikachukua kalamu. "Kikao kilifungwa kwa sala saa 10:55 jioni. Ngoma: bado."