Namba ya injini naisafisha, siigongi upya

Injini yenyewe ni ya Land Rover Series IIA, petroli, cc 2286, iliyokaa miaka chini ya kibanda karibu na bahari Wete. Namba yake imegongwa kwenye bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, kwa mbele, ubavuni mwa manifoldi ya ekzosi, ile mifereji ya kutolea moshi. Nilipofika pale nilikuta rangi ya fedha juu, chini yake mafuta yaliyoganda na vumbi, na chini kabisa kutu ya chumvi. Naeleza nilivyoifichua ile namba bila kuiharibu. Gari hizi zimebaki chache Unguja na Pemba, na baadhi zinapoteza kumbukumbu zao siku ile ile zinapoingia gereji.

Usianze na grenda yenye brashi ya waya. Kina cha tarakimu hakifiki hata milimita moja, na brashi ikizunguka sekunde chache kingo zinalainika na namba inaonekana kama ya kughushi. Kupuliza mchanga ni kubaya zaidi, kwa sababu kunafuta mikwaruzo ya mashine ambayo kiwanda kiliiacha kwenye chuma. Mikwaruzo hiyo ni ushahidi sawasawa na namba.

Mimi nilitumia nusu lita ya mafuta ya taa na brashi laini ya nailoni. Nilipaka, nikaacha nusu saa, nikapangusa, nikarudia mara tatu hadi kitambaa kikatoka kisafi. Rangi niliilainisha kwa dawa ya kutolea rangi, dakika 15, kisha nikaitoa kwa kijiti cha mti kilichochongwa ncha. Msumari hapana. Kwa kutu nilichovya pamba kwenye siki nyeupe, nikaifunika kwa nailoni ili isikauke, nikawa naikagua kila nusu saa. Saa mbili zilitosha. Ukiiacha usiku kucha siki huanza kula chuma kizima, na tarakimu zinazidi kufifia. Baada ya hapo nilisuuza kwa maji yenye kijiko kimoja cha soda ya kupikia, nikakausha kwa hewa ya kompresa na kupaka oili nyepesi papo hapo. Kwa hewa yetu ya pwani, chuma kilichotoka kwenye siki kinaanza kuwa chekundu hata hujamaliza kunawa mikono.

Tarakimu moja ilinishughulisha. Ilisomeka 8, lakini ubavu wake wa kushoto ulikuwa na shimo la kutu. Nilizima taa, nikaweka tochi chini kabisa, mwanga ukapita ubavuni karibu sambamba na chuma. Tarakimu iliyogongwa ina mfereji laini, na pembeni yake chuma kimeinuka kidogo kwa lile pigo la nyundo. Shimo la kutu halina ukingo ulioinuka, na chini yake kunakwaruza. Nikaweka karatasi nyembamba juu yake na kuisugua kwa penseli laini: ikatoka 3. Kadi ya zamani ya gari nayo inasema 3. Hapo wengi wangechukua patasi "kuikoleza". Mimi niliiacha ilivyo. Nikiikoleza, atakayeikagua baadaye ataona mkono wangu, si wa kiwanda, na hatakuwa na sababu ya kuniamini hata kwenye zile tarakimu nzima.

Shida kubwa zaidi ni bloku iliyobadilishwa. Mwenye gari moja aliniambia, "Fundi, futa hiyo namba, gonga ya kwenye kadi, mambo yaishe." Nikamjibu, "Hiyo haiwi, mzee wangu. Tutaibadilisha kadi, chuma tukiache." Tulipiga picha namba ya bloku na namba ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye shikio la springi la mbele kulia, tukaambatanisha risiti ya bloku na kupeleka kwenye usajili. Kuna usumbufu, lakini namba iliyofutwa na kugongwa upya ndiyo hiyo hiyo anayoifanya mwizi wa gari, na askari hana njia ya kukutofautisha naye.

Kwa wenye Chevrolet za Marekani jambo hili lina bei kubwa. Kwenye injini zao ndogo za V8, namba imegongwa mbele, upande wa kulia, juu ya uso ule ule unaokaa silinda hedi. Ukipeleka bloku ikachongwe uso kwa sababu gasketi imeungua, namba huondoka na chuma. Mwambie fundi wa mashine mapema, kabla bloku haijafungwa mezani, asimamishe kisu kabla ya kufika kwenye namba. Piga picha kabla ya kazi; namba ikishaondoka, andika kilichotokea, na usigonge kitu.

Morris Minor iko tofauti: namba iko kwenye kibati kilichopigwa riveti ubavuni mwa bloku. Kibati huhamishika, kwa hiyo sikitoi hata kama kimeliwa na chumvi. Nakisafisha kwa maji ya sabuni tu.

Stika na rangi ya injini naona ni jambo jingine. Stika mpya ya chujio la hewa haimdanganyi mtu, ni kama kitambaa kipya cha kiti, mradi uiseme kuwa ni mpya. Lakini yale madoa ya rangi ya wakaguzi wa kiwandani siyapaki, labda niwe nimeyakuta kwenye injini ile ile nikayapiga picha kwanza.

Mwisho wa kazi nilifunika namba kwa utepe wa karatasi nilipopaka bloku rangi, nikautoa rangi ikiwa bado mbichi kidogo ili isimeguke. Vanishi ya kawaida siipaki pale, maana joto la ekzosi huiunguza ikawa ya kahawia na kubanduka. Napaka grisi nyembamba kwa kidole na kuibadilisha kila miezi mitatu. Msimu wa masika, kila mwezi.